Pini ya springi iliyokerezwa mara mbili: kisa cha lori la inchi

Lori ni la pua, la tani saba, lilitoka kiwandani Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenyewe alilileta na maombi mawili: lirudi kazini, na liache kuvuta kushoto kila anapokanyaga breki. Ombi la kwanza lilikula miezi na sitalisimulia lote. Sakafu ya kebini ilikuwa imeoza, tukaikata na kuchomelea bati jipya. Redieta ikazibuliwa, pampu ya maji ikapata sili na beringi, mbao za bodi zikabadilishwa. Kazi ndefu, ila haina fumbo. Ninachotaka kukichambua ni lile ombi la pili, kwa sababu tulilishughulikia, tukakabidhi lori, na baada ya wiki tatu likarudi linavuta kushoto vilevile. Kosa lilikuwa langu, na ushahidi wake upo kwenye kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu.

Breki iliyosingiziwa

Lori likivuta upande wakati wa breki, kila fundi anaanza na breki, na hakosei kuanzia hapo. Hili lilikuwa limeshapita mikono kadhaa kabla ya kutufikia. Silinda za magurudumu zilikuwa mpya, shuu mpya, dramu zimekerezwa. Tulifungua pande zote mbili tukakuta hakuna mafuta kwenye shuu, na baada ya kuliendesha kwa breki nyingi, dramu ya kushoto na ya kulia zilikuwa na joto linalolingana. Kama breki zinashika sawa, kinachogeuza lori lazima kiwe mwelekeo wa ekseli yenyewe.

Springi za mbele za lori la aina hii zina kazi mbili. Zinabeba uzito, na pia ndizo pekee zinazoishikilia ekseli mahali pake. Mwisho wa nyuma wa springi unaning'inia kwenye kishikio kinachobembea, ili majani, yaani bapa za chuma zinazounda springi, yapate nafasi ya kurefuka yanapobonyea. Mwisho wa mbele ndio usiohama: jicho la springi limeshikwa kwa pini moja kwenye hanga, yaani kishikilio cha chuma chenye masikio mawili, na hanga imepigwa ribiti kwenye chesisi. Ukikanyaga breki, gurudumu linataka kubaki nyuma na chesisi inataka kuendelea mbele, na ubishi wao wote unaishia kwenye pini ile. Pini ya kushoto ikicheza, ekseli inarudi nyuma upande wa kushoto tu, inakaa mshazari, na lori linafuata inakoelekea.

Tulithibitisha kwa timazi na chaki. Tulilisogeza lori polepole kwenye sakafu tambarare, likasimamishwa kwa breki, tukashusha timazi kutoka katikati ya hanga na katikati ya ekseli, kila upande, tukaweka alama sakafuni. Kulia: milimita 612. Kushoto: milimita 619. Kisha tukasukuma ekseli ya kushoto kwa mtarimbo, na macho yenyewe yakaona jicho la springi likihama ndani ya hanga. Fundi msaidizi alicheka. Mimi niliudhika kidogo, maana nilikuwa nimeshaagiza vifaa vya breki ambavyo havikuhitajika.

Karatasi yenye namba 28

Pini haikuwa inapatikana tena kwa lori la umri ule. Tuliing'oa kwa nyundo na maneno yasiyoandikika, na bolti mbili za kubana hanga tulizikata kwa grainda kwa sababu kutu ilikuwa imezifanya kitu kimoja na hanga. Nati zake zilikuwa nzima, tukazihifadhi.

Pini ilikuwa imeliwa vibaya. Katikati, mahali inapozungukia bushi, yaani kibomba kinachokaa ndani ya jicho la springi, venia, kile kipimio cha unene, ilisoma milimita 26.4. Nilisogeza venia kuelekea pembeni nikapata 27.3, nikasogeza tena nikapata 28.1. Nikasimama hapo. Nilijiambia kwamba hata pale lazima imeliwa au kusuguliwa kidogo na kutu imeongeza kidogo, hivyo kipimo cha asili lazima kilikuwa 28. Ni namba nzima, inapendeza, na kila chuma nilichowahi kukipima katika maisha yangu ya kazi kilikuwa na namba nzima. Nikaandika 28 kwenye karatasi, nikaipeleka kwa mkerezaji pamoja na pini ya zamani.

Mkerezaji ni mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Aliishika pini, akaizungusha mwangani, akaniuliza, "Umepima huku mwisho?" Nikamjibu, "Nimepima, mzee." Sikuwa nimepima mwisho kabisa, kulikuwa na grisi iliyokauka kama lami na sikujisumbua kuikwangua. Naye hakubishana na karatasi ya mteja. Akakereza pini ya 28 kutoka kwenye chuma laini cha kawaida, na bushi ya bronzi ya kuendana nayo.

Ilipoingia kwenye hanga iliingia kwa mkono. Hilo lilipaswa kunishtua. Badala yake nilifurahi, nikatia bolti mbili kutoka kwenye kopo letu la bolti, nikazikaza mpaka mpasuo wa hanga ukafunga. Timazi ilisema pande zote mbili zinalingana. Lori likaondoka.

Ushahidi ulioletwa na wiki tatu

Liliporudi niliamua kutofungua chochote kwa haraka. Nilitaka kila kitu kitoke kama kilivyokaa.

Cha kwanza kilichosema kitu ni ncha za pini. Kwenye muundo huu pini haizunguki ndani ya hanga. Inabanwa na masikio mawili ya hanga, na ni bushi iliyo ndani ya jicho la springi inayogeuka juu yake. Kwa hiyo katikati ya pini panatakiwa kung'aa, na ncha zake zinatakiwa kubaki na rangi ya mashine iliyozikereza. Yetu ilikuwa kinyume: ncha zinang'aa kama kijiko na zina mikwaruzo ya duara. Pini ilikuwa inazunguka ndani ya hanga, chuma juu ya chuma, bila grisi. Tundu la hanga lilikuwa limekuwa yai: 28.7 upande mmoja, 29.8 upande mwingine.

Sasa nikarudi kwenye ile pini ya asili, niliyokuwa nimeiacha kwenye kikapu cha vyuma chakavu. Safari hii niliikwangua grisi yote hadi mwisho, nikaiosha kwa mafuta ya taa. Kwenye ncha moja, ndani ya eneo lililokuwa limefunikwa na sikio la hanga, palibaki pete nyembamba, upana wa kidole, bado ina mistari midogo ya kiwandani. Maikromita ikasoma 28.56.

Hiyo si namba ya milimita. Inchi moja na moja ya nane ni milimita 28.575. Viwanda vya Uingereza vilianza rasmi safari ya kuhamia kwenye milimita mwaka 1965. Lori hili ni la kabla ya hapo, na kila kitu ndani yake kilifikiriwa kwa inchi na vipande vyake. Nilikuwa nimepima mahali palipoliwa, kisha nikakisia kwa lugha ambayo lori halikuizungumza. Tofauti ya 28 na 28.575 inaonekana ndogo, lakini kwa pini inayotegemea kubanwa, zaidi ya nusu milimita ni shimo. Bolti za kubana zilikuwa zinatumia nguvu yake yote kuziba pengo ambalo halikupaswa kuwepo.

Na bolti zenyewe zilikuwa na habari yao.

Kichwa 17, nati 19

Wakati wa kufungua, msaidizi alishika spana ya 17 kwenye kichwa cha bolti na ya 19 kwenye nati. Alilalamika kwamba nani aliyechanganya. Nilikuwa nakaribia kumwambia anyamaze afanye kazi, kisha nikasimama.

Nati ni ya asili ya lori. Upana wake ni robo tatu ya inchi, yaani 19.05, ndiyo maana spana ya 19 inaivaa vizuri na hakuna anayegundua kitu. Hesi yake, au thredi kama wengi tunavyosema, ni ile ya inchi inayoitwa UNF, nusu inchi kwa unene, meno 20 kwa kila inchi. Ukigawanya, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.27. Bolti niliyoitoa kwenye kopo ilitoka kwenye gari la Kijapani: milimita 12, hesi nyembamba, jino hadi jino 1.25. Pembe ya meno ni nyuzi 60 kwa zote mbili.

Tazama mtego ulivyo. Kama ingekuwa bolti ya 12 yenye hesi ya kawaida ya 1.75, ingegoma baada ya mzunguko mmoja na ningejua. Lakini 1.25 na 1.27 zinakaribiana kiasi kwamba nati inateleza kwa vidole hadi mwisho, laini, kama vimezaliwa pamoja. Wakati huohuo bolti ni nyembamba kuliko nati yake kwa milimita 0.7, kwa hiyo meno yanashikana kwa karibu nusu tu ya kina chake. Unakaza, unahisi inakaza, hanga inafunga mbele ya macho yako. Halafu lori linatembea kwenye mabonde wiki moja, ncha za meno zinalala, na nguvu ya kubana inaisha bila nati kuanguka. Nati zote mbili tulizifungua kwa vidole baada ya robo mzunguko wa spana.

Tangu siku ile, kabla ya kukaza nati yoyote ya lori la zamani, naizungusha mara mbili tu kisha naitikisa pembeni. Nati iliyo kwenye bolti yake inayumba kidogo sana. Iliyo kwenye bolti ya kuazima inayumba kama jino la mtoto. Geji ya hesi ni bora, ila kwa 1.25 na 1.27 hata geji inahitaji jicho tulivu, na kupima unene wa bolti kwa venia ndiko kunakomaliza ubishi.

Kulikuwa na jambo la tatu, dogo kwa ukubwa lakini nadhani lingetuangusha hata kama mengine yote yangekuwa sawa. Grisi inaingia kwenye pini kutoka nipeli ya mwisho, inapita kwenye tundu la katikati, inatokea ubavuni ndani ya bushi. Uzito wa chesisi unaigandamiza pini chini, kwa hiyo upande wa chini wa pini ndio uliobanana na bushi na upande wa juu una nafasi. Kijifuo, yaani mfereji mdogo ubavuni mwa pini unaopitisha bolti ya kubana, ndicho kinachoamua pini ikae imeelekea wapi. Sikumwambia mzee lolote kuhusu mwelekeo, yeye akatoboa ubavu upande uleule wa kijifuo, na pini ilipokaa tundu likaangalia chini, limezibwa na uzito wa lori. Bomba la grisi lilikuwa likikataa, grisi ikirudi mdomoni, na dereva akadhani kwamba pini imejaa. Ndani tulikuta vumbi la kahawia na harufu ya chuma kilichosagwa.

Kurekebisha hanga kabla ya pini

Pini mpya kwenye tundu la umbo la yai ingekuwa kazi bure. Kijana mmoja jirani alisema tuijaze kwa kuchomelea kisha tuitoboe upya, jambo ambalo kwenye chuma cha kawaida ningelikubali. Kwanza tulitaka kujua hanga ni chuma gani. Tulitoboa kishimo kidogo kwa keekee mahali pasipo na kazi: hazikutoka nyuzi ndefu zinazojikunja kama zitokavyo kwenye feleji, yalitoka makombo mafupi. Kwenye grainda cheche zilikuwa fupi na nyekundu, si zile ndefu nyeupe zinazopasuka. Ilikuwa chuma cha kumimina, cha aina inayopikwa tena ili kisivunjike kirahisi. Chuma hicho ukikichomelea, eneo la joto linarudi kuwa gumu na la kukatika kama kioo, na hii ni sehemu inayoshikilia ekseli ya mbele. Nilikataa.

Tukachagua kupanua tundu na kutia slivu, yaani kibomba chembamba cha feleji. Hanga ilibidi itoke kwenye chesisi. Ribiti sita, vichwa vikasagwa, katikati vikatobolewa, vikagongwa nje. Wakati wa kurudisha hatukuwa na uwezo wa kupiga ribiti za moto, tukatumia bolti za daraja la 8.8. Ribiti ikigongwa inavimba na kujaza tundu lake. Bolti haivimbi, na bolti iliyolegea tunduni italisaga hadi chesisi ipate ufa. Kwa hiyo matundu yalipigwa rima, kifaa cha kupanua tundu kwa kipimo kamili, hadi milimita 12 na bolti zikaingia kwa kugongwa taratibu, zikiwa na urefu unaofanya sehemu isiyo na hesi ndiyo ikae ndani ya chuma. Hapo milimita ziliruhusiwa, maana tundu ni letu tangu mwanzo.

Masikio mawili ya hanga lazima yawe kwenye mstari mmoja, na hilo lilikuwa kazi ya mzee. Kwa kawaida kwenye mashine ya kukerezea, kazi inazunguka na kisu kinatulia. Yeye aligeuza: akafunga hanga kwenye behewa la mashine, akapitisha fimbo yenye kisu kupitia masikio yote mawili, fimbo ikashikwa kati ya senta mbili na kuzunguka yenyewe, huku hanga ikisogezwa polepole kuifuata. Kupanga tu kulichukua nusu siku. Alikuwa akigusa sikio la kwanza, anazima, anapima, anaweka kipande cha karatasi chini ya hanga upande mmoja, anawasha tena. Kukata kwenyewe hakukuzidi saa moja. Matundu yalitoka 35 yote mawili.

Slivu hazikugongwa kwa nguvu. Hanga imepasuliwa ili ibane, na ukilazimisha kitu ndani yake inapanuka tu. Ziliingia kwa kusukumwa na kiganja, kisha zikapasuliwa kwa msumeno wa chuma mahali palepale penye mpasuo wa hanga, na njia ya bolti ikatobolewa kupitia ukuta wa slivu. Bila ule mpasuo, bolti ingebana slivu badala ya pini.

Pini ya pili

Chuma laini hakikufaa tangu mwanzo, na hilo nalijua hata usingizini. Nilikubali kwa sababu kilikuwepo. Safari hii tulitumia shafti ya ekseli ya nyuma ya lori lingine, iliyotupwa kwa sababu meno ya mwisho yalikuwa yamejipinda. Chuma cha shafti za aina hiyo ni kigumu na kinastahimili, na katikati yake hapakuwa na dalili ya kujisokota. Kasoro yake ni nyufa zisizoonekana, kwani kimeshafanya kazi maisha mazima. Tulilaza kipande kwenye mafuta ya taa usiku kucha, tukakifuta kikauke kabisa, tukakipaka chaki iliyosagwa na kuiacha. Penye ufa mafuta yanachuruzika tena na kuchora mstari kwenye chaki. Kipande cha kwanza kilichora mstari mfupi karibu na mwisho. Tulikitupa. Cha pili kilibaki cheupe.

Mzee alikikereza hadi 28.57 na kumalizia kwa msasa wenye mafuta. Bushi ya bronzi ilizidi jicho la springi kwa milimita 0.05, ikaingia kwa presi. Bushi ikisukumwa ndani ya jicho inajikunyata, kwa hiyo aliiacha na tundu dogo kuliko pini, na baada ya presi ndipo akapitisha rima ya kurekebishika hadi 28.65. Ule upenyo wa 0.08 ni wa grisi. Ndani ya bushi alichonga mfereji wa grisi usiofika kingoni, maana ukifika, grisi yote inatoka nje kabla haijafanya kazi.

Tundu la ubavuni nililichorea mwenyewe kwa chaki, kijifuo kikiwa mbele, tundu likiangalia juu. Nikamwonyesha mara tatu. Mara ya tatu alinitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana wangu, nimesikia."

Safari hii pini haikuingia kwa mkono. Iliomba kabari ndogo kwenye mpasuo wa hanga na nyundo ya shaba, ikaenda kidogokidogo. Bolti mbili za nusu inchi UNF tulizitafuta kwa wiki nzima hadi tukazipata, pamoja na nati mpya. Tulipotia grisi kwa mara ya kwanza tuliinua chesisi kwa jeki ili uzito uondoke kwenye pini, na grisi ikatokea pande zote mbili za bushi kwa mipigo minne ya bomba. Dereva ameambiwa afanye hivyohivyo kila anapotia.

Timazi ilisema 612 na 613. Lori lilipokanyagwa breki kwenye mteremko likasimama likiwa limenyooka, usukani mkononi mwa dereva bila kuvutwa.

Miezi minne baadaye mwenyewe alilileta tuangalie springi za nyuma, kwa hiari yake, kwa kuwa sasa ameanza kuyapenda mambo haya. Pini ya mbele tuliitazama kwanza: ncha bado zina rangi ya mashine, katikati panang'aa. Tukahamia nyuma. Muundo ni uleule, pini ya kubanwa, na hapo sisi hatukuwahi kugusa. Msaidizi aliweka spana ya 17 kwenye kichwa cha bolti ya kwanza, akanyoosha mkono wa pili nyuma bila kugeuka. Nikampa ya 19.